Baruti ya Marehemu Urho

Wesley Tregear aliingia katika ukoo wa Kallio kwa mlango wa ndoa, na mlango ule ukafungwa nyuma yake kwa komeo. Usije ukadhani ni mambo ya mke. Irja Kallio alikuwa mwanamke wa kujivunia, mkali kama siki ya mwaka juzi lakini mwenye moyo wa siagi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia Wesley akijutia kitanda chake. Alichojutia ni benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa la baba mkwe, marehemu Urho Kallio, na lilikaa katika chumba cha chini ya nyumba, kando ya tanuri linalopasha joto vyumba vya juu. Meza ya mbao nene, imepigiliwa ukutani kwa misumari ya reli, na juu yake mashine ya chuma yenye mkono mrefu wa kushindilia risasi. Huwezi kulihamisha bila kubomoa ukuta. Mzee Urho alilijenga kwa makusudi hayohayo.

Huko kwao, kaskazini kabisa mwa Michigan, theluji huanza kuanguka kabla majani hayajamaliza, na mwaka una siku moja tu ya maana: siku ya kufunguliwa kwa msimu wa kulungu, katikati ya Novemba. Krismasi inafuata kwa mbali. Shule hufungwa, mgodi hubaki na walinzi, hata mchungaji hufupisha mahubiri. Wanaume huhamia katika vibanda vyao vya msituni, wale, wanuke, wadanganyane, kisha alfajiri waende wakakae kimya juu ya mti wakimngoja dume la mkia mweupe. Risasi za kupiga zinauzwa dukani, tena zimejaa rafu kwa rafu. Lakini kwa akina Kallio, mtu anayenunua risasi dukani ni sawa na mtu mwenye mama anayekwenda kula hotelini. Wao hupakia wenyewe. Yaani, anawapakia Wesley.

Kazi yake si uchawi. Unachukua ganda la shaba lililokwisha pigwa, unalisafisha, unalibana lirudi umbo lake, unachomeka fataki mpya kitakoni, unamimina baruti, kisha unakandamiza kichwa cha risasi mdomoni. Basi. Mtoto anaweza kuifanya, na ndiyo maana inaumiza watu wazima. Uchawi uko katika kuchagua. Kichwa kizito au chepesi? Chenye pua butu au ncha kali? Na juu ya yote, baruti gani? Maana baruti si unga wa sembe, kwamba kibaba ni kibaba. Iko ya polepole na iko ya haraka. Ile ya polepole unaijaza ganda hadi shingoni, nayo inaisukuma risasi kama watu wanaosukuma gari lililozimika, kwa uzito na uvumilivu. Ile ya haraka ukiijaza vivyo hivyo, haisukumi. Inapiga teke. Na teke lisipopata njia ya mbele hurudi nyuma, na nyuma ya bunduki ndipo penye shavu lako.

Urho alichagua mara moja tu maishani mwake, kijana bado, na hakuona sababu ya kuchagua tena. Kichwa kizito chenye pua butu, kinachopita vichakani bila kuyumba. Baruti ya polepole, ya vijiti virefu vyeusi mithili ya risasi ya penseli iliyokatwakatwa, aliyoinunua debe zima baada ya vita kuu, jeshi lilipokuwa likiuza mabaki. Na kipimo chake kilikuwa kijiko alichojitengenezea kwa ganda kuukuu, kalikata, kalifunga waya, likawa upawa. Kijiko kimoja, futa juu kwa karata, mimina. Mizani hakuijua, wala hakumruhusu mtu mwingine kulifungua kopo lake la baruti. Ukoo mzima aliuagiza ununue bunduki zenye tundu la kipimo kimoja, ili benchi moja liwalishe wote, na ukoo ukatii. Watoto wa Kallio walijua "kichwa cha Urho, baruti ya Urho, kijiko cha Urho" kabla hawajaijua vizuri Imani ya Mitume.

Kisha Urho akafa, moyo ulimsimama akiwa na koleo la theluji mkononi, na baada ya mazishi wanaume wakasimama jikoni na vikombe vyao vya kahawa wakijadili benchi. Mrithi wa haki alikuwa Waino, mwanaye wa pekee wa kiume, mkata magogo, mtu mwenye sauti ya kuamsha maiti na mikono ya kuzika upya. Lakini Waino alisema nyumba kapata Irja kwa kumtunza mzee, na benchi limegongomewa kwenye nyumba, kwa hiyo aliyeoa nyumba kaoa na benchi. Watu wakaona ni maneno ya busara. Wesley alikuwa amesimama palepale kando ya friji. Hakuna aliyemwuliza, na yeye, masikini, alikuwa na mkate mdomoni.

Wesley hakuwa mtu wa bunduki. Watu wake walikuwa wachimba madini waliotoka Uingereza, watu wa kwaya na shimo, ambao nyama waliinunua buchani. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kuendesha lori la wilaya lenye pua ya chuma inayosukuma theluji barabarani. Kazi ya upweke na ya heshima, unafungua njia, watu wanapita. Sasa kila vuli alijifungia chini ya nyumba. Dirisha la chumba kile lilikuwa usawa wa ardhi, hata akawajua jamaa za mkewe kwa viatu. Pikapu inasimama uani, viatu vinashuka, vinapiga hatua, kisha pakiti ya maganda matupu inagonga meza ya jikoni juu ya kichwa chake. Alipojaribu kusema macho yamechoka, wakamletea taa yenye kioo cha kukuzia. Aliposema mgongo, wakamletea kiti chenye mto. Alipomwambia Irja waziwazi kwamba hataki, Irja alimtazama kwa huruma ya kweli akamwambia, "Najua, mume wangu. Lakini nani mwingine?"

Sasa sikiliza kosa, maana mtu hafungwi na kamba ya wenzake tu. Ya kwake huwa ndiyo ngumu zaidi.

Vuli ile ya kwanza Wesley alifungua kopo la Urho akakuta baruti ya kufunika kitako tu. Debe la vita lilikuwa limekwisha, na aina ile haikupatikana tena. Akapanda ngazi kwenda kusema. Jikoni akamkuta Waino ameketi na dada yake, jitu zima lile, machozi yanamtiririka ndevuni, akisema kwamba maadamu baruti ya baba ingali inawaka, baba hajaondoka kambini. Wesley akasimama mlangoni. Akasema amekuja kuchukua chumvi. Akashuka nayo.

Akanunua baruti nyingine, ya punje ndogo, ya haraka kidogo. Akanunua na mizani. Akasoma kitabu cha vipimo kama mwanafunzi wa uchungaji, akapunguza, akajaribu, akaongeza kwa unyoya, na risasi zilizotoka zilikuwa salama na zililenga vizuri kuliko za Urho mwenyewe. Hadi hapo hana lawama. Lakini Waino alikuwa na desturi. Kila mwaka kabla ya msimu alishuka chini, akaliweka kopo la baba kiganjani, akalitikisa taratibu, akalirudisha. Angelikuta tupu? Angelikuta jipya kando yake? Basi Wesley akaimimina baruti mpya ndani ya kopo la zamani, lenye mwandiko wa Urho ubavuni.

Kila mpakiaji, awe mlevi awe mlokole, anaijua amri moja kabla ya zile kumi: baruti haihami kopo. Wesley aliijua. Aliivunja ili apate amani kwa msimu mmoja, na baada ya msimu mmoja hakuona pa kuanzia kuirekebisha. Miaka ikaenda. Kopo halikupungua, kama pipa la unga la yule mjane wa Sarepta, na katika ukoo uliojaa watu wanaohesabu kuni za jirani hakuna aliyejiuliza imekuwaje.

Mwaka huu wa hadithi yetu, siku moja kabla ya msimu, wanne wao walifika kibandani asubuhi: Wesley, Waino, binamu yao Rudy, fundi bomba, mtu wa maneno machache na meno machache, na mzee Eino Saari, rafiki wa marehemu, ambaye hakuwinda tena bali alipika. Theluji ilikuwa ikianguka tangu walipoiacha lami. Walipomaliza kushusha mizigo, njia waliyojia ilikuwa imefutika, na Rudy akasema ni vizuri kwamba wamekuja na dereva wa lori la theluji, ila ni bahati mbaya kwamba lori lenyewe limebaki mjini. Wesley akacheka pamoja nao. Kuanzia hapo hakucheka tena hadi jioni.

Chakula cha mchana Eino aliweka mezani pai za nyama na viazi, moto, kila mtu na yake. Juu ya jiko, ukutani, kilining'inia kichwa cha dume kubwa la Waino, pembe zimetandaa kama mti wa matunda. Alilipiga vuli ile ya kwanza baada ya mazishi, na tangu siku hiyo halikutajwa ila kwa jina la zawadi ya baba. Walikuwa nusu ya pai Waino alipojifuta mdomo, akaingiza mkono kotini, akaweka kisanduku kidogo mezani.

Akatangaza kwamba mwaka huu hatampa shemeji yake usumbufu. Juzi, Wesley akiwa kazini, alipita nyumbani, akaketi kwenye benchi la baba, akapakia mwenyewe. Maganda yake, kichwa kizito cha baba, baruti kutoka kopo la baba, na kijiko cha baba alichokikuta kimening'inia msumarini. "Kijiko kimoja, futa kwa karata, mimina," akasema, na sauti yake ilikuwa laini isivyo kawaida. "Wala si kazi, Wes. Unalalamika bure."

Wesley alitafuna pai yake ikawa udongo. Kijiko kile kilikatwa kwa ajili ya vijiti virefu vya polepole. Koponi hamkuwa na vijiti. Mlikuwa na punje ndogo, zinazojipanga zikajaa, za haraka. Kijiko kimoja cha hizo ndani ya ganda moja! Alizitazama risasi zile kisandukuni, nzuri, zinang'aa, zimepangwa kama watoto wa kipaimara, na kila moja ilikuwa imembebea shemeji yake uso mpya.

Ungesema, si afungue mdomo tu? Wewe ungefungua. Mimi nami ningefungua kabla hajamaliza kumeza. Lakini hatukuwa sisi tuliokuwa tumeketi chini ya kichwa kile cha dume, na mkono wa Waino begani, mbele ya mzee Eino aliyelia kaburini kuliko mwana. Kusema kulikuwa kumwua Urho mara ya pili, na kujitangaza mwongo kwa miaka yote ile, kisha kukaa chumba kimoja na hao aliowadanganya, theluji mlangoni, hakuna pa kwenda hata kujisaidia bila kupita mbele yao.

Kwa hiyo Wesley akafanya alichokizoea. Akatafuta chumvi.

Kwanza alishauri wacheze karata. Waino akasema karata ni za jioni. Mchana ni wa kujaribu bunduki. Wesley akasema milio itawafukuza kulungu. Rudy akamkumbusha kwamba kila kibanda msituni kinajaribu bunduki leo, hata kulungu wamezoea, wanaweka saa. Wesley akasema kuna ukungu. Ukungu haukuwapo. Waino alipotoka kwenda kupigilia sahani ya shabaha, Wesley akakitia kile kisanduku mfukoni, akasimama dirishani akijidai kutazama hali ya hewa. Waino akarudi, akatafuta juu ya meza, chini ya meza, kisha akatazama koti la Wesley lililotuna.

"Shemeji, umeanza kuiba?"

Wesley akasema alitaka tu kuzikagua.

"Kukagua nini? Za baba zinakaguliwa?" Akanyoosha kiganja, na Wesley, nakuambia ukweli, akamrudishia. Mkono ulijirudishia wenyewe, kwa mazoea ya kumtii Waino. Jitu likatoka na bunduki yake, na Rudy nyuma, na Eino akajifunga skafu akitaka kuona risasi za mtoto wa Urho.

Pa kujaribia palikuwa nyuma ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, kwenye uwazi unaoishia kwa kilima. Sahani ya karatasi imepigiliwa kwenye kigogo. Waino akaketi nyuma ya kigogo kingine kilichokuwa meza yake, akaweka gunia la mchanga, akalaza bunduki, akafungua komeo lake. Wesley aliitazama risasi ikitoka kisandukuni, ikiingia. Alilisikia komeo likisema *klaki*. Shavu la Waino likashuka kwenye mti wa bunduki, lilelile lililolowa machozi jikoni.

Wesley akatembea. Hakukimbia, theluji ilikuwa ya magoti na mtu hukimbia vibaya ndani yake. Alipita mbele ya bunduki, akaenda hadi kwenye sahani, akasimama, mgongo wake kwenye shabaha na uso wake kwenye mdomo wa bunduki. Jambo hilo kule ni dhambi isiyo na jina, maana hakuna aliyewahi kuifanya ili ipewe. Na angalia ajabu yake: kati ya wale wawili, aliye mbele ya bunduki ndiye aliyekuwa na nafuu.

Waino aliinua kichwa taratibu. Akakiondoa kidole kwenye kifyatulio. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Toka hapo."

"Sitoki. Toa hiyo risasi kwanza."

"Wes, umerukwa na akili? Toka hapo, nitakuja nikubebe."

"Njoo unibebe. Lakini uje bila bunduki. Hiyo si baruti ya baba yako."

Rudy alisema kitu kwa sauti ya chini, kwamba huyu kazidiwa na pai. Waino alifungua komeo, risasi ikaruka ikazama thelujini, akaja. Kila hatua alikuwa akirudisha rangi usoni, na alipofika ilikuwa imezidi. Akamshika Wesley kola. Akamwambia kwamba siku zote alijua: analinyonya benchi, kalifanya ufalme wake, na leo mwenye haki kagusa kidogo tu, wivu umemfanya kichaa. "Kopo nimelishika mwenyewe," akasema. "Mwandiko wa baba nimeusoma mwenyewe. Unaniambia nini wewe, mwoaji?"

"Kopo ni lake. Kilichomo nimetia mimi."

Haikuingia. Ilibidi Wesley aseme tena, yote, akiwa amening'inizwa kwa kola: kopo lilivyokuwa tupu, chumvi, baruti ya dukani, mizani. Maneno yaliyokaa chini ya nyumba miaka yote yalitoka bila mpangilio, mengine kichwa chini. Waino alikuwa akitikisa kichwa tu. Mwongo akisema kweli hufanana sana na mwongo.

Mzee Eino ndiye aliyeinama, akafukua ile risasi iliyozama, akaifuta kwenye skafu. Akamtuma Rudy akalete koleo la kubania. Rudy akaling'ang'ania ganda, Eino akakizungusha kichwa cha risasi huku na huku kama anayeng'oa jino, kikatoka. Akaja nayo hadi kwenye shabaha, akaibandua sahani kigogoni, akamimina baruti juu yake. Kwenye karatasi nyeupe baruti ilikaa kilima kidogo cha punje, laini, kama mbegu za mchicha.

Eino akaitazama kwa muda. Akasema kwamba mwaka mmoja kuni zilikuwa mbichi, na Urho, kwa utani wake, alimpa konzi ya baruti awashie jiko. Nyusi zake zilichukua miezi kuota. Mtu hasahau sura ya kitu kilichomla nyusi. "Ilikuwa vijiti," akasema. "Hii sijapata kuiona."

Waino akaiacha kola. Alisogeza punje kwa kidole chake kikubwa, akizitenganisha, kama anayetafuta kijiti hata kimoja. Hakukipata. Swali lake lilipokuja halikuwa lile Wesley alilolingoja.

"Ya baba iliisha lini?"

"Vuli ileile."

"Ileile ya mazishi."

"Ndiyo."

Macho ya Waino yalikwenda yenyewe upande wa kibanda, ukutani, juu ya jiko, ingawa kutoka pale hakuona kitu ila magogo na moshi. Wesley akamwacha afike mwenyewe. Akafika.

"Kwa hiyo dume langu."

"Ni baruti ya dukani, shemeji. Nilisimama jikoni kukuambia. Ulikuwa unalia."

Theluji iliendelea kuanguka juu ya kofia zao wote wanne, ikaanza kuifunika baruti kwenye sahani. Waino akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, ingefanya nini hiyo risasi. Wesley akamwambia. Hakupunguza: ganda kupasuka, moshi wa moto kurudi kwenye komeo, mti wa bunduki kuvunjika, jicho. Waino akarudi kwenye bunduki yake, akaketi juu ya gunia la mchanga, akaishika pamoja na magoti.

Walirudi ndani. Eino akaweka kahawa. Wesley hakuvua koti. Alikaa ncha ya kiti kilichokuwa karibu na mlango kama mtu anayengoja basi, ijapokuwa mlango haukuwa na pa kumpeleka. Ila, usimwambie mtu, moyoni kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Kwa mara ya kwanza tangu mkate ule wa mazishi aliona upenyo wa mwanga. Mtu aliyevunja amri ya kopo haachiwi benchi. Kwa hiyo akalisema mwenyewe, kwa unyenyekevu mkubwa: Jumapili, theluji ikipungua, Waino aje na msumeno na wenzake, wabomoe ukuta, walichukue.

Waino alikunywa kahawa yake hadi machicha kabla hajamjibu.

"Nilichukue nilipeleke wapi? Nimelikalia siku moja, nilitaka kujilipua kichwa." Akakiweka kikombe chini. "Umenidanganya miaka yote hii, utanipakia mingine kama hiyo. Hiyo ndiyo hukumu. Na kopo la baba ulioshe, ulilete hapa, likae juu ya jiko. Tupu."

Rudy akasema ni hukumu ya haki. Eino akasema amina. Wesley akatazama nyuso zile akitafuta wa kumkatia rufaa, akaona hakuna mwenye chuki naye hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia woga. Chuki ingemfukuza. Hawa walikuwa wamemsamehe, na msamaha wao ulikuwa na misumari ya reli.

Hapo ndipo alipokasirika. Sijui mwingine aliyewahi kumwona Wesley Tregear amekasirika. Inasemekana masikio huwa mekundu. Akasema vema, atapakia, lakini kuanzia leo atachagua yeye. Na cha kwanza atakachokitupa ni kile kichwa kizito. "Nimekutazama unavyopiga, Waino. Unafumba macho. Bunduki inakutandika bega hata kabla hujavuta unajikunja kama mtu anayesubiri kofi. Hukosi kulungu kwa sababu ya upepo. Unakosa kwa sababu unapiga ukiwa kipofu."

Eino aliligeukia jiko kwa haraka, mabega yakimtikisika. Waino alisimama, akauliza nani anafumba macho. Wesley akasema wewe. Waino akasema baba alipiga kichwa kizito maisha yake yote. Wesley akasema baba yako alikuwa na bega la baba yako. Kisha akaingiza mkono katika mkoba wake mwenyewe, akatoa kisanduku ambacho hakuna aliyewahi kukiona, maana hata hilo alilificha: risasi alizojipakia yeye, kichwa chepesi chenye ncha, baruti kiasi, teke la mbuzi badala ya la punda. Akazimwaga mezani. Akamwambia zile za kijiko zinatupwa shimoni leo hii, dukani hakufikiki, kwa hiyo kesho ni hizi au atafute manati.

Waino aliziangalia kama mtu aliyepewa nguo za mke wake avae. Lakini kesho ilikuwa kesho, siku moja ya mwaka. Akazizoa, akatoka, mlango ukagonga.

Wakamfuata. Sahani mpya ikapigiliwa. Ya kwanza ilipaa juu kidogo, kama inavyopaswa kwa risasi nyepesi, na Wesley akamwambia azungushe skrubu ya darubini. Waino akazungusha. Ya pili ikatoboa karibu na katikati. Ya tatu ikaingia kando yake, matundu mawili yakaungana yakawa moja, na bega la jitu lile halikuwa limejikunja hata kidogo.

Alikwenda mwenyewe kuichukua sahani. Alirudi nayo akiishika kwa ncha za vidole. Akaitazama sana, akaitazama anga, akasema upepo umetulia mchana huu, umesaidia.

"Bila shaka," akasema Wesley.

Rudy alikuwa ameichukua sahani kutoka mkononi mwa Waino, akiingiza kidole kwenye tundu. Akauliza, hizo nyepesi, kupakia ni kazi kuliko zile nyingine? Maana yeye naye bega lake, tangu alipoanguka ngazini, si zima. Na ndugu yake wa kule mgodini angezitaka pia. Eino akasema hata yeye, kama zinapiga teke la mbuzi na si la punda, huenda mwakani akarudi juu ya mti. Ila wengine kina Kallio, wazee wale, akaongeza, hao hawawezi kuacha nzito. Hao itabidi wapakiwe kama zamani.

Wesley akafikiri. Aina mbili sasa, makopo mawili, na watu wapya. Akavua glovu, akajipangusa theluji machoni, akamwuliza Rudy huyo ndugu yake anahitaji ngapi.